Je, binti anaweza kumtolea baba yake pinda huko Gaya?

Swali: Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Dar es Salaam, majivu tukayatia baharini. Hakujaliwa mtoto wa kiume, tupo mabinti watatu. Wazee wanasema hatatulia mpaka atolewe pinda, yale matonge ya chakula anayotolewa marehemu katika ibada ya Kihindu, huko Gaya, tena na mwanamume. Gaya ina nini hasa? Na nikienda mimi, itapokelewa?

Jibu: Namaste, binti yangu. Poleni kwa msiba. Majivu yasikutie wasiwasi, maana pinda haiyahitaji.

Gaya iko Bihar, India, ukingoni mwa mto Phalgu. Wakati wa kiangazi mto huo ni mchanga mtupu. Mahujaji huchimba kwa mikono mpaka maji yachuruzike. Tangu 2022 kuna bwawa la mpira linaloyazuia karibu na hekalu la Vishnupad.

Utakatifu wake unatoka kwa Gayasura. Asura huyu, yaani jitu wa jamii ya maadui wa miungu, alifanya ibada kali hata kila aliyemwona, mwema au mwovu, akapata wokovu. Miungu wakamwomba mwili wake uwe mahali pa yajna, ibada ya sadaka ya moto. Akajilaza, mungu Vishnu akamkandamiza kwa mguu, na unyayo huo ndio unaoabudiwa hekaluni. Aliomba jambo moja tu: watakaotolewa pinda hapo wapate moksha, ukombozi wa roho. Ajabu yake, aliyewaombea marehemu wetu ni asura!

Sasa hilo la mwanamume. Wenyeji wa Gaya husimulia kwamba Rama na nduguye Lakshmana walikwenda kutafuta vitu vya shraddha, ibada ya marehemu, ya baba yao, Dasharatha, wakachelewa. Mkono wa marehemu ukatokeza mchangani kuomba chakula. Sita, mke wa Rama, hakuwa na mchele wala ufuta. Akafinyanga tonge la mchanga, akampa, naye akalipokea. Rama aliporudi hakusadiki. Sita akaita mashahidi: mto, ng'ombe, mtulasi na ua la ketaki, wote wakakana. Mti wa Akshayavat, mbanyani mtakatifu, pekee ndio uliosema kweli. Sita akaulaani mto utiririke chini ya mchanga, na mti akaubariki. Mpaka leo mahujaji humalizia ibada yao chini ya Akshayavat.

Kwa hiyo anayekukatalia akueleze kwa nini Phalgu umekauka. Na hekalu lenyewe la Vishnupad lilijengwa upya 1787 na mwanamke, Ahilyabai Holkar wa Indore.

Wengi huenda wakati wa Pitru Paksha, majuma mawili ya kuwakumbuka wahenga, mnamo Septemba, lakini msongamano ni mkubwa mno. Gaya haina mwezi uliofungwa, nenda penye nafasi. Andika jina la baba, la babu, la baba wa babu, gotra (ukoo wenu) na kijiji cha asili. Makuhani wa Gayawal, wanaoendesha ibada hizi Gaya, wana madaftari ya koo, huenda ukakuta mzee wenu aliwahi kufika. Matonge ni ya unga wa shayiri au wali, na ufuta mweusi.

Mama yenu, Mungu ampe umri mrefu, zamu yake ikifika, familia za Kigujarati huenda Sidhpur, Gujarat, kwenye ziwa takatifu la Bindu Sarovar, mahali mwenye hekima Kapila alipomfanyia ibada mama yake Devahuti.