Kabla hujabonyeza rekodi

Wadogo zangu, wiki hii nimesikiliza kava tatu (nyimbo za wengine mlizoimba upya) mlizorekodi chumbani, gitaa na sauti tupu, na zote zimepasuka, sauti imekwaruza, pale pale: kwenye kiitikio. Ngojeni niseme tena.

1. Geni, yaani kile kitufe kinachokuza sauti ya maiki kabla haijarekodiwa. Acheni kuipanga kwa kunong'ona "moja, mbili, tatu". Imba pale unapopaza kuliko pote, kwa nguvu zako zote, mita ya sauti iishie kama desibeli -10. Ukirekodi kwa biti 24, ubora unaonasa hata sauti ya chini vizuri, sauti ndogo si tatizo, utaipandisha baadaye. Iliyopasuka ndiyo basi.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kodi zangu za kwanza za gitaa, kwa Malaika, ule wimbo aliourekodi Fadhili William. Alipokuja kunitembelea Magomeni nikamketisha kitandani na gitaa lake, maiki moja mbele. Akajaribu kwa sauti ya chini, ya mtu aliye ugenini. Nikapanga geni hapo hapo. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili akafumba macho, akasahau kama kuna maiki, akaachia. Taa nyekundu ikawaka. Niliiona, nikaona haya kumkatisha mtu mzima, nikajiambia nitarekebisha. Nilikesha nikishusha, nikikata sauti za juu, nikiongeza mwangwi. Kila akipanda, mkwaruzo uko pale pale. Asubuhi akapanda basi kurudi Muheza. Nilipomfuata na saundi kadi, kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, miezi minane baadaye, mkono wake wa kushoto ulikuwa haubani tena nyuzi. Akaimba, nikampigia mimi. Hiyo ninayo, safi kabisa, ila gitaa ni langu.

2. Maiki ielekee freti ya 12, umbali wa sentimita 30 hivi. Mkiielekeza kwenye tundu la gitaa, besi itavuma.

3. Ufunguo ufuate koo lako, si la mwimbaji wa kwanza. Kapo, vile vibanio vya shingo ya gitaa vya kubadili ufunguo, mmenunua za nini?

4. Zima feni, weka simu hali ya ndege. Mvua ikianza kupiga bati, bandika chai usubiri.

5. Ukiona nyekundu, simamisha, hata kama anayeimba ni mkubwa wako. "Samahani mjomba, kosa langu, turudie." Atarudia. Wangu angerudia bila neno. Basi lake lilikuwa la asubuhi, na usiku ulikuwa bado mbichi.