Dira ya inchi 2 kwa lodge ya vyumba 24: nani kakupimia?

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara mbili. Umejenga lodge ya vyumba 24, umeomba kuunganishiwa maji na majitaka, umeletewa makadirio ya milioni 7 na dira (mita ya maji) ya inchi 2. Jirani yako mwenye nyumba ya familia kaunganishiwa kwa laki chache. Unauliza kama ndiyo utaratibu au wamekuona una hela.

Nilikaa miaka tisa kitengo cha wateja kwenye mamlaka moja ya maji huku mikoani, muda mwingi nikizunguka na fomu za upimaji. Makadirio kama hayo nimeyaandika kwa mkono wangu, na mengine niliyaandika vibaya.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo naona wamevirundika pamoja. Kuna gharama ya kukufikishia bomba: kutoboa bomba kuu, bomba lako, dira, valvu, kuchimba mtaro, na kama mnakata barabara ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), kuirudishia lami. Hiyo lipa kama ilivyo, kifaa kwa kifaa, uwe lodge uwe msikiti. Halafu kuna mchango wa nafasi unayokwenda kuchukua kwenye chanzo, mtambo wa kusafisha maji, matenki, na upande wa pili mabwawa ya majitaka. Hapa ndipo watu wanaumizwa, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunasoma kibao cha mlangoni. Kibao kikisema kiwanda, unalipa kiwanda.

Nina mama mmoja sitamsahau, ana mashine ya kusaga mahindi. Maji yake ni ya kunywa vijana wawili na kunawa vumbi la unga, basi. Nikamweka kundi la viwanda. Hatua chache kutoka kwake kuna kijana anaosha magari kwenye kiwanja cha makazi, mpira unamwaga asubuhi mpaka jioni, na yeye kaunganishwa kwa bei ya nyumbani. Yule mama akaja ofisini na ndoo ya lita 20, akaitua juu ya meza yangu, juu ya mafaili. "Mwanangu, haya ndiyo maji yangu ya siku nzima. Kiwanda kiko wapi?" Nilimwomba akae, nikajifanya natafuta faili lake.

Kipimo kinachokaribia haki ni uwezo wa dira, yaani maji kiasi gani unaweza kuvuta kwa saa moja, kwa sababu mabomba na matenki hujengwa kuhimili saa ambayo kila mtu anafungua. Dira ya kawaida ya nusu inchi hubeba lita 2,500 kwa saa, robo tatu lita 4,000, inchi moja lita 6,300, inchi 2 lita 25,000. Kwa hiyo ukifungiwa ya inchi 2, mchango wako ukiwa mara kumi ya jirani yako mwenye nusu inchi, hawajakuonea. Swali ni kama unaihitaji.

Tupige hesabu. Vyumba vyote vimejaa, watu wawili kila chumba, lita 100 kila mtu: 4,800. Ongeza jiko na kufua mashuka, weka 7,000 kwa siku. Ukiwa na tanki la lita 10,000 juu ya mnara na presha ikiwa nzuri, robo tatu inalijaza usiku kwa muda usiofika saa tatu. Kama kwenu kuna mgao, mfano maji yanatoka siku mbili kwa wiki, saa sita kila siku, inabidi uvute lita 49,000 ndani ya saa 12. Hapo robo tatu inazidiwa, panda inchi moja na uongeze matenki. Inchi 2 siioni popote. Kama zimamoto ndio walioitaka, iwe laini yao peke yake. Maji yanayosubiri moto hayawezi kuchangishwa kama ya kuoga kila siku.

Tena hata mamlaka inajiumiza. Dira ya inchi 2 ya daraja la R80 (namba inayoonyesha dira inapima maji madogo kwa usahihi kiasi gani) haina dhamana ya usahihi chini ya lita 312 kwa saa. Choo kimoja kikivuja kidogo kidogo, inaweza isisogee kabisa.

Majitaka yana hesabu yake. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba asilimia 80 ya maji uliyonunua hurudi kwenye bomba la majitaka. Kwa lodge inakaa sawa. Kwa anayejaza maji kwenye chupa na kuyauza ni kichekesho. Na ujazo peke yake hautoshi, uchafu nao una uzito wake. Tuliwahi kufungua chemba nyuma ya hoteli ya chips na kuku, mafuta yameganda ukuta mzima, meupe, magumu kama sabuni ya mche. Tuliyakata kwa sururu. Kiwango cha nchi kwa majitaka yanayorudishwa mtoni au baharini ni BOD (oksijeni ambayo uchafu unaoza hula majini) ya miligramu 30 kwa lita, na gharama ya kuyafikisha hapo wanaibeba wateja wote. Jenga mtego wa mafuta jikoni kabla hawajaja kupima, na udai uhesabiwe.

Mawili ya kuuliza. Kama mtambo ulijengwa kwa ruzuku ya serikali au wafadhili, hiyo sehemu isiingizwe kwenye mchango wako, haikuwa mkopo wa mamlaka. Na kama wanakulipisha kuvuta bomba kuu mpaka mtaani kwako, taka maandishi kwamba watakaodandia baadaye watakurudishia sehemu. Bila maandishi, sahau.

Sasa andika barua kwa meneja, usiende kugombana na binti wa dirishani. Omba mchanganuo wa makadirio, hesabu iliyotoa inchi 2, na tangazo la bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, linaloonyesha hiyo tozo. Ambatanisha hesabu yako ya lita. Wakikaa kimya, peleka malalamiko EWURA. EWURA CCC, baraza la watumiaji, wapo kumsaidia mtumiaji kama wewe. Na siku ya taftishi ya bei mpya, yaani kikao cha wazi cha kukusanya maoni, usikose. Nilizohudhuria mimi, watu wa majumbani walijaza ukumbi, wenye biashara walikuwa watatu, na mmoja alikuja kwa ajili ya soda.