Anayecheka siku ya kuhama hajabeba kitu

Swali lenu la wiki hii linasema, "Je, kucheka kunasaidia kupunguza presha ya familia wakati wa kuhamia nyumba mpya?" Nililisoma nikapita, halafu nikarudi kwa hasira. Mie nimehama juzijuzi tu, kutoka Kikwajuni kwenda Kisauni, na mume wangu ndo hao watu wenu wa kucheka. Mie natafuta kifuniko cha sufuria kubwa, sauti imepanda mpaka jirani katoka nje, yeye kanirikodi, katia na muziki kabisa, katuma kwenye grupu la ukoo. Mawifi wamecheka siku nzima na mmoja kaniuliza kifuniko kimepatikana.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hakusaidii. Na mngeuliza vizuri mngeuliza hivi, anayecheka ni nani na kashika nini mkononi? Maana nilivyoona mie anayecheka ni yule mwenye simu, wenye magodoro kichwani hawana pumzi ya kucheka. Na presha haianzi siku hiyo, inaanza zamani, huyu hataki kuhama Mfunguo Tano, yaani Safar, ati mwezi mzito, yule anasema keri ya kubebea vitu tutakodi ya mtu tunayemjua, mwengine kesha chagua chumba nyumba hata plasta haijapigwa.

Ila kuna uhamaji mmoja kwetu ambao ukoo mzima unausimulia mpaka leo, na lazima niuseme maana najua dada yangu atasoma hapa aseme mbona hilo umeliruka.

Tulikuwa tunakaa Mji Mkongwe, Sokomuhogo, ghorofa ya juu. Ukuta ukaanza kufanya ufa, ukiweka kidole kinaingia, baba akasema hapa tutakuja kufukiwa, tukahamie Fuoni kwenye nyumba aliyokuwa anaijenga polepole. Sasa hio ilikuwa Januari 2010, na aliyekuwepo Unguja wakati huo anajua nasema nini. Ule waya wa umeme wa chini ya bahari ulikuwa umeharibika toka Disemba, na umeme haukurudi mpaka Machi. Kisiwa kizima kiza, maji hamna kwa sababu pampu hazifanyi kazi, joto la kaskazi, simu zimekufa, ukitaka chaji unaenda kwa mwenye jenereta unalipa. Ndugu zetu wa Pemba walikuwa na umeme wao wa majenereta ya Wesha, wakatutania mpaka basi, ati njooni tuwawashieni. Na sisi ndo tunahama.

Vitu vyote vilitoka isipokuwa kabati la bibi, mama yake baba. Kabati la kioo, la harusi yake, zito kama lina watu ndani. Nyumba za mji mnazijua, vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazina urefu, na ngazi ndo usiseme, za mawe, zina kona katikati. Bibi alikuwa anasema toka asubuhi hilo halikupita ngazini, lilipandishwa kwa kamba dirishani. Hakuna aliyemsikiliza. Ami yangu, mdogo wake baba, ambae ndo alikuwa msimamizi (yaani amesimama), akasema tulipitishe ngazini tulilaze ubavu. Likakwama konani. Baba na vijana chini yake, bibi na ami juu yake, hakuna wa kushuka hakuna wa kupanda. Ami akatoa wazo la pili, tuvunje fremu ya dirisha. Baba akamwambia wewe una wazimu, huu mji ni urithi wa dunia tangu 2000, Mamlaka ya Mji Mkongwe wakija kesho utawajibu wewe? Wakaanza kugombana kupitia kabati, hawaonani, mmoja huku mmoja kule, na yakatoka maneno ya zamani kabisa, ya shamba la babu la kule Dole, ya nani alilipa hospitali nani hakulipa. Sisi watoto tulikuwa tunaogopa kweli. Mama kakaa kwenye baraza na kandili kajifunika uso na mtandio.

Adhana ya magharibi ikapita. Fundi seremala wa jirani akaja akafungua milango, akang'oa taji la juu, kabati likaanza kushuka kidogokidogo. Mama kumbe alikuwa kalifunga shuka ya kijani kioo kisipasuke. Sasa fikiria, kiza totoro, kandili moja, wanaume wanatoka mlangoni wamebeba kitu kirefu kimefunikwa shuka ya kijani, wote kimya kwa sababu wamenuniana. Mzee mmoja anatoka msikitini, akasimama akavua kofia, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nani tena jamani?"

Hakuna aliyejibu. Halafu ikatoka sauti juu dirishani, ya bibi, "Bi Mkubwa wa ghorofani! Maziko kesho saa nne, Fuoni!"

Wallahi walicheka mpaka kabati likawekwa chini njiani. Ami alicheka akakaa ngazini. Baba mpaka leo anasema yeye hakucheka, lilimpalia vumbi la chokaa, lakini mie nilikuwepo na nilimuona anafuta machozi kwa kikoi. Kabati likabebwa mpaka Mkunazini barabarani likapakiwa gari ya ng'ombe ambayo ami alisema ni ya rafiki yake na pesa kesha malizana nae. Kufika Fuoni usiku mwenye gari anadai nauli yote, baba akalipa, na cha ajabu hakugomba.

Sasa yule mzee yeye hakuisikia mzaha. Kaenda zake kasambaza, na simu za watu hazina chaji, nani atapiga kuuliza? Kesho yake saa nne kasoro, wanawake wa Sokomuhogo hao wanashuka kwenye daladala, mabuibui, kanga mkononi, vifurushi vya mchele na sukari, wengine kesha lia njiani. Bibi alikuwa ukumbini kwenye mkeka anachagua mchele. Akawaangalia, "Karibuni, marehemu ndo mie, chai ipo maana naona sukari mmeleta wenyewe." Mmoja alikasirika kweli akataka kurudi na sukari yake. Wakabaki wote, wakasoma Yasin, ikawa ndo hitma ya nyumba, na ubani tukafukiza huohuo.

Nimeandika nikacheka peke yangu, hio niseme ukweli, na pale juu nimeshasema hakusaidii. Sifuti. Lakini nikiangalia, baba na ami walikuwa wamefika pahala pabaya, yale maneno ya Dole yangekuwa kesi ya ukoo, na kilichoyakata si mtu kuwaambia wapatane. Na bibi yeye ndo alikuwa anaumia kuliko wote, katoka kwenye nyumba aliyoingia mwari, hakumcheka mtu, kajicheka mwenyewe. Mume wangu kanicheka mie. Mawifi ni watani zangu, sawa, haki wanayo, lakini utani wa kuambiwa usoni ni mwengine na video yenye muziki ni mwengine.

Basi haya, andikeni ndio. Kunasaidia, pengine, ikiwa anayeanza ni yule mwenye kuumizwa zaidi na kuhama na wengine wanafuata, na kila mtu ana kitu mkononi kisichokuwa simu. Ila mjue nilimpigia mama jana nikamsomea swali lenu nae akajibu hapana bila ya kufikiri. Akasema, "Mlicheka nyie. Mie usiku ule nilikuwa natafuta nguo za skuli za watoto kwa tochi na asubuhi nikapikia watu wa msiba." Nae ndo aliyefunga kila kitu katika nyumba ile, kwa hio sijui, labda jibu lake mlihesabu mara mbili.

Na ami, kama unasoma, baba anasema ile nauli ya gari ya ng'ombe hajasamehe.