Kutengeneza karatasi kwa taka za ofisini bila kumwaga maji ovyo

Karatasi ya mkono ikikatika pale inapokunjwa, chunguza kwanza malighafi. Karatasi za printa mara nyingi zina nyuzi fupi za mikaratusi pamoja na unga wa chokaa, na kila zinaposagwa upya nyuzi huzidi kufupika. Changanya na karatasi ngumu ya kaki, ile ya kahawia yenye nyuzi ndefu za paini, kama inayotengenezwa Mgololo, Mufindi. Chana kipande: ukingo ukitoa manyoya marefu, hiyo ndiyo unayoitaka.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni karatasi 15 za A4 za gramu 80, ambazo zina uzito wa gramu 75, na gramu 25 za kaki. Utapata karatasi 12 hivi za ukubwa uleule, nzito kidogo.

Kabla ya kuloweka, toa pini na gundi, kisha chambua. Risiti za EFD, yaani za mashine za kodi za madukani, usizitumie kabisa. Zikwaruze kwa ukucha: zikitoa alama nyeusi, zina kemikali zinazobadilika rangi kwa joto, na kemikali hizo zitaingia kwenye maji yako yote. Pakiti za juisi na maziwa zina tabaka la plastiki, nazo ziweke kando.

Chanachana vipande vya sentimita 2, loweka usiku kucha, kaki kwenye chombo chake maana huchelewa kulainika. Kwenye blenda weka lita 1 ya maji kwa gramu 25 za karatasi, usage sekunde 20, upumzishe, urudie mara moja tu. Watu wengi huharibu hapa kwa kutaka rojo laini kama uji wa mtoto. Rojo lililosagwa kupita kiasi huziba wavu wa kuchotea, maji hayashuki, na karatasi inatoka dhaifu.

Mimina rojo lote kwenye beseni lenye maji, yafike lita 12 kwa jumla. Kama karatasi itaandikiwa kwa wino, pika vijiko 2 vya chai vya wanga wa muhogo, ukorogee humo. Bila wanga wino unasambaa. Koroga kila unapotaka kuchota, kwa sababu nyuzi hutuama haraka. Zamisha fremu yenye wavu wa dirisha, inua ikiwa imelala sawasawa, tikisa kidogo, subiri ichuruzike, kisha pindulia juu ya kitambaa cha pamba. Kandamiza kwa mbao na mawe kabla ya kuanika. Anika kivulini, karatasi ikiwa imebandikwa kwenye kitambaa chake. Jua kali hukausha kingo kwanza na karatasi inajikunja.

Maji ya beseni usiyamwage sinkini, rojo litaziba bomba. Yachuje kwa kitambaa, yalowekee karatasi za awamu inayofuata siku hiyohiyo au kesho yake. Yakiwa na wanga, kwa joto la Pwani yananuka upesi. Rojo lililobaki likamue, livingirishe madonge, likauke kabisa juani. Ukilihitaji tena, liloweke usiku mmoja.