Uliza Fundi: Dashibodi inang'aa, nje giza tupu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 17, nipo Tanga. Kaka yangu alipopata kazi mbali aliniachia kompyuta yenye Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kurusha ndege, na ndege ninayoipenda ni Cessna 172, ile yenye skrini mbili. Mchana sina tatizo. Shida ni usiku. Nikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar dashibodi inawaka kama duka la simu na nje sioni kitu. Taa za uwanja naziona nimeshafika. Nikizima taa zote za ndani, nje kunaonekana, lakini kimo na mwendo sivisomi. Juzi nikiingia kutoka kusini nilitumbukia baharini. Je, kosa ni la kadi ya video?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kadi ya video iache. Wewe unawasha na kuzima, na taa za chumba cha rubani zimetengenezwa ili zizungushwe, kidogo kidogo, safari nzima.

Umeme ukikatika nyumbani usiku, dakika ya kwanza unapapasa ukuta. Baadaye kidogo unaanza kuuona mlango, halafu kigoda, halafu hata ndoo iliyo pembeni. Nyumba imebaki na giza lile lile, ila jicho limefunguka. Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili. Moja hufanya kazi kwenye mwanga na ndiyo inayotupa rangi. Nyingine ni ya gizani, na hiyo huchukua kama dakika 30 kufikia uwezo wake wote. Mwanga mkali wa muda mfupi tu huirudisha nyuma, na kazi ya kusubiri inaanza upya. Sasa piga hesabu: Dar hadi Zanzibar kwa ndege ndogo ni kama dakika 20. Ukisubiri uwe angani ndipo upunguze taa, utafika jicho lako halijafunguka. Anza ukiwa bado chini.

Washa betri ya ndege kwanza, maana bila umeme utazungusha hadi kesho. Kisha angalia chini kushoto mwa dashibodi, utaona vitufe vya kuzungusha vya kupunguza mwanga. Kilichoandikwa AVIONICS ni cha zile skrini mbili, STBY IND ni cha mita za akiba, PEDESTAL ni cha sehemu ya katikati chini. Weka kipanya juu yake, zungusha gurudumu. Punguza mpaka tarakimu za kimo zipotee kabisa, halafu rudisha mpaka uzisome bila kukaza macho, na uachie hapo hapo. Wengi huanzia kwenye mwanga mkali wakishuka, wakaishia juu ya kile wanachohitaji. Wewe anzia gizani, kisha pandisha.

Ukishapaa, baada ya dakika kumi utaona skrini zimekuwa kali tena ingawa hujazigusa. Ni jicho lako hilo. Punguza tena.

Jambo moja kuhusu hicho cha AVIONICS kwenye ndege halisi: ukikizungusha kushoto mpaka mwisho, skrini hazizimiki. Zina kihisio cha mwanga, nazo hujipangia zenyewe. Rubani akitaka kuzitawala usiku hukiweka katikati. Nimeshaulizwa hili na vijana wa mafunzo mara nyingi, kila mmoja akidhani kitufe kimekufa.

Nilifanya kazi ya umeme wa ndege ndogo kwa miaka 19. Kwenye Cessna za zamani mwanga wa mita ulipitia transista moja, na transista ikiungua kwa namna fulani taa hubaki kwenye mwanga wa juu kabisa, hata uzungushe vipi. Jioni moja rubani alitua, akashuka na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa ameikata na kuifunika dashibodi nusu ili aweze kuona nje. Kilichobadilishwa usiku ule ni kifaa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Mpaka leo nikiona kijana anaruka usiku taa zote zikiwa juu, naikumbuka bahasha ile, kwa sababu rubani yule alilazimika na huyu amejitakia.

Sasa bahari. Hapo kuna mtego ambao mwanga peke yake hautautegua. Unapokaribia uwanja juu ya maji meusi, huoni chochote kati yako na zile taa za njia ya kurukia. Akili inakosa kipimo, inakuambia upo juu mno, nawe unashuka. Marubani wenye uzoefu wamekufa hivyo. Ndiyo maana sikushauri uzime kila kitu: mita ya kimo lazima isomeke. Shika kipimo hiki: futi 300 juu ya uwanja kwa kila maili moja ya baharini iliyobaki. Ukiwa umebakiza maili tano uwe kwenye futi 1,500 hivi. Na kama pembeni mwa njia kuna taa nne za mstari, mbili nyeupe na mbili nyekundu ni sawa. Zote nne nyekundu, upo chini mno, ongeza nguvu bila kusita.

Kusoma orodha ya ukaguzi tumia tochi ya mchezo, bonyeza Alt pamoja na L, kisha izime. Taa nyekundu, kwa ndege iliyo nayo, hulinda jicho lakini hufuta mistari myekundu ya ramani, kwa hiyo mimi huona nyeupe iliyofifishwa sana inatosha. Na balbu ya chumbani kwako izime, inajirudia kwenye kioo cha kompyuta.

Ila ukikutana na radi, geuza mafundisho yote haya: pandisha taa za ndani mpaka juu. Mmweko wa radi ukilikuta jicho lililozoea giza, hutaona mita kwa muda, na hapo ndipo unapozihitaji zaidi. Boeing 777 ina swichi yake kwa kazi hiyo, imeandikwa STORM.

SWALI: Assalamu alaykum. Narusha Airbus A320 kwenye kompyuta. Skrini zote nimezififisha, maandishi ya paneli pia, lakini vile vitaa vidogo ndani ya vitufe bado vinanichoma macho. Vinapunguzwa wapi?
Msomaji wa Muscat

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Vitaa hivyo havifuati vitufe ulivyokwisha kuzungusha. Tazama paneli ya juu ya kichwa, sehemu ya taa za ndani, swichi iliyoandikwa ANN LT. Ina nafasi tatu: TEST ya kujaribu taa, BRT ya mwanga mkali na DIM ya mwanga hafifu. Yako ipo BRT. Iweke DIM, na asubuhi irudishe, la sivyo jua likiingia hutaona kitufe kipi kimewaka.