Siga zenye ladha: kabla hujamcheka mwenzako, soma hapa

Wakuu habari za Mwanza. Kuna ubishi mmoja hauishi kila tukikaa jioni na washkaji huku Capri Point, na nimeona niandike maana watu wapya wanaingia kwenye siga (cigar, yale majani ya tumbaku yaliyosokotwa yakawa nene, sio sigara ya kawaida) afu wanatishwa bila sababu. Ubishi wenyewe ni hizi siga za bei zilizotiwa ladha: kahawa, vanila, asali, sijui mimea gani. Hawa wanasema hiyo sio siga ni marashi, wale wanasema hela yangu mdomo wangu we inakuuma nini.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Zile ndogo za bei rahisi zenye kishikio cha plastiki, zinazotoka mashineni na tumbaku iliyokatwakatwa, ndo zimewaharibia jina wenzao. Mi naongelea zinazosokotwa kwa mkono kwa majani marefu, mfano ACID za Drew Estate kule Estelí, Nikaragua, au Tabak Especial yao ya kahawa, au Java ya Rocky Patel. Kwenye ACID majani wanayakalisha na mimea na mafuta ya kunukia mpaka yanyonye ile harufu, na nyingine kichwani pale unapoweka mdomo wanapaka utamu kabisa. Kwahiyo kazi ya mikono ni ileile ya siga yoyote ya heshima.

Sasa wanaopinga nao wana hoja, na hoja yao mi naiheshimu sana. Jani likilimwa vizuri, likachachushwa kwenye marundo, likatulia miaka, linatoa lenyewe harufu ya kahawa, kakao, karanga, pilipili manga, bila kuongezewa chochote. Ukimwagia vanila juu yake utajuaje kama lilikuwa jani zuri au bovu? Sato aliyetoka ziwani sasa hivi chumvi na ndimu vinamtosha, aliyelala ndo anarundikiwa viungo. Hapo wako sahihi kabisa.

Ila jibu lake sio kuzikataa zote, jibu ni kuipima. Mi huwa naipima hivi: mwanzoni utamu wa kwenye midomo unakudanganya, ukijilamba ni kama umekula pipi, we usihukumu hapo, vuta taratibu mpaka nusu. Ule utamu ukishapungua ndo utajua humo ndani kuna jani au hamna. Nzuri itakuletea pilipili kidogo, udongo udongo, na moto unakwenda sawasawa bila kula upande mmoja. Mbaya inabaki chungu na mdomo unakauka, hiyo tupa.

Kinachoniuma ni namna tunavyowapokea wageni. Kuna jioni kijana kaja na Tabak yake, kaamkia wazee vizuri tu, mzee mmoja akaitikia marahaba afu akamwambia "mwanangu hiyo wape dada zako." Meza nzima wakacheka. Yule kijana akaizima, akaiacha kwenye kisahani, na haikuwa imefika hata nusu. Mi nikamwambia mzee wangu kwa heshima zote hilo halikukaa sawa, mtu kaanza na anachokipenda, mwache, ulimi wenyewe utamfundisha. Kama unataka kumsogeza, mpe maduro, jani la nje limechachuka muda mrefu mpaka likawa jeusi na lina utamu wake wa asili, aonje mwenyewe tofauti.

Kwenye utunzaji lakini sina huruma. Siga yenye ladha usiiweke kabisa boksi moja na za kawaida!! Ile mbao ya humido (boksi la kutunzia siga zisikauke) inanyonya harufu, na siga jirani zinanyonya pia, unakuja kufungua unakuta siga yako ya hela nyingi inanuka vanila na haitoki hiyo. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, weka na pakiti ya unyevu ya asilimia 65 au 69, basi, humo ndo nyumbani kwake. Na msiseme tuko ziwani unyevu upo wa kutosha, mvua na jua vikipishana siga inavimba leo, wiki ijayo jani la nje linapasuka. Usiiache kwenye gari juani pale Kirumba unaenda kununua samaki, joto likizidi nyuzi 25 hivi mayai ya wale vidudu vya tumbaku yanaweza kuanguliwa, utakuta vitobo kama vya sindano.

Jambo jingine, na hili naliongea kwa uzito: ladha tamu haipunguzi nikotini wala kansa ya mdomo na koo. Hata kama humezi moshi, nikotini inapita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Na kwa sababu ni tamu ndo usiiache mezani watoto wakaiona, na aliye chini ya miaka 18 asipewe hata kuonja.

Mkiwa mnavuta mbili jioni moja anzeni na ya kawaida, yenye ladha iwe ya mwisho, maana ukianza nayo ulimi unashika utamu na hiyo ya pili hutaisikia kabisa. Na kikatio cha kukatia kichwa cha siga kifute kwa kitambaa kabla hujampasia mwenzako, ile sukari inaganda kwenye wembe.