Mishipa ya baipasi ya mzee imeziba, je afanyiwe oparesheni tena?

SWALI: Dokta shikamoo. Baba yangu ana miaka 68, tupo Tabata. Alifanyiwa baipasi (oparesheni ya kushona mishipa mingine ipitishe damu pale ya moyo ilipoziba) India miaka tisa iliyopita, mishipa mitatu, akawa mzima kabisa. Tangu Ramadhani akipanda ngazi anabanwa kifua, anasimama kwanza ndo anaendelea. Tumefanya anjio (picha ya mishipa ya moyo) hapa Dar, wamesema mishipa miwili iliyotolewa mguuni imeziba, ule wa kifuani bado unapitisha damu vizuri. Daktari anashauri stenti (kijibomba cha waya cha kuushikilia mshipa ubaki wazi) ila baba mkubwa anataka arudishwe India akapasuliwe upya. Dawa ya kolesteroli mzee aliiacha siku nyingi alipoona yuko sawa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Nianze na habari njema maana naona kwenye swali lako imepita haraka, huo mshipa wa kifuani kuwa wazi ni jambo kubwa mno. Kwa kawaida ndo unaoshonwa kwenye mshipa mkuu wa mbele ya moyo, ule unaolisha sehemu kubwa ya msuli, na wenyewe hudumu, kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 baada ya miaka kumi bado unapitisha damu. Mishipa ya mguuni ni vena, yaani ya kurudisha damu kwenye moyo, haikuumbwa kubeba presha ya ateri, ile inayotoa damu moyoni, ukuta wake unanenepa halafu mafuta yanajaa ndani, kwa hiyo karibu nusu inakuwa imeziba ikifika miaka kumi. Madaktari wa India hawakukosea, usimruhusu mtu awaambie hivyo.

Sasa kuhusu kupasua tena, namwelewa baba mkubwa, anaona kilichosaidia mwanzo kirudiwe. Ila oparesheni ya pili siyo sawa na ya kwanza. Moyo unakuwa umegandana na mfupa wa kifua kwa makovu, na huo mshipa mzima wa kifuani unapita hapohapo nyuma ya mfupa, daktari akiujeruhi wakati anafungua basi tumepoteza kile kilichokuwa kinamlinda mzee. Hatari ya kufa inapanda, kwa wengi mara mbili au zaidi ya ile ya kwanza. Tunaifikiria pale mshipa wa kifuani haukuwahi kutumika au nao umeziba, au kuna valvu ya kurekebisha, au stenti haiwezekani. Kwa maelezo yako mzee hayupo huko.

Stenti nayo kuna kitu cha kuuliza, inawekwa wapi? Vena iliyoziba siku nyingi mara nyingi hatuhangaiki nayo. Ndani yake kuna uchafu laini wa mafuta na damu iliyoganda, ukiusukuma kwa puto la kupanulia mshipa unameguka unakwenda kuziba vijishipa vidogo mbele na mzee anapata shambulio palepale mezani. Tunapendelea kurudi kwenye mshipa wake wa asili, ni kama mchepuko umefungwa na matope unaamua kukarabati barabara ya zamani. Kazi yenyewe inaweza kuwa ndefu hasa kama mshipa wa asili umeziba kabisa, kwa hiyo muulizeni daktari kama amezoea kufungua mishipa ya aina hiyo. Kama bado mna wasiwasi pelekeni CD ya anjio Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili waiangalie, maoni ya pili siyo kumdharau daktari wa kwanza.

Na wapo ambao dawa peke yake inawatosha, kama maumivu yanakuja kwa nadra na moyo unasukuma vizuri. Hata akiwekewa stenti dawa zipo palepale: aspirini, na nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa miezi 6 hadi 12, asiache hata kama anang'olewa jino bila kumwambia daktari wa moyo. Hiyo ya kolesteroli naomba arudishiwe wiki hii hii, kujisikia vizuri ilikuwa ni dawa inafanya kazi. LDL, ile kolesteroli mbaya, tunataka ishuke chini ya 1.4 mmol/L.

Akipewa ile dawa ya maumivu ya kifua ya kuweka chini ya ulimi (nitrogliserini), tafadhali mtu mzima amuulize faragha kama anatumia dawa za nguvu za kiume, hivi viwili vikikutana presha inaanguka vibaya sana na nimeona wazee wanaona aibu kusema. Maumivu yakija amekaa tu, au yakizidi dakika 15, au jasho la baridi, atafune aspirini miligramu 300 kama haina shida naye na mwende hospitali muda huohuo, msisubiri foleni ya magari ipungue.

Kabla ya stenti apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha figo), na kama ana sukari mtaje dawa zote anazomeza. Na ile ripoti ya oparesheni ya India itafuteni hata kama ipo chini ya sanduku, inaonyesha mshipa gani ulishonwa wapi, daktari akianza kuitafuta mishipa bila hiyo karatasi anatumia dawa nyingi zaidi ya rangi, ile ya kufanya mishipa ionekane kwenye picha, na figo za mzee ndo zinaumia.